Hakuna aliyeshika reli

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa maabara alinionyesha grafu yake, meno yote nje. Uwiano (korelesheni) wa 0.88 kati ya kifaa cha mkononi, kile kinachorekodi mwendo, na METi, kipimo cha nguvu ambazo mwili unatumia, ambapo 1 ni mtu aliyetulia. Nikamwuliza, "Saa ulizilinganisha?" Akanikodolea macho. Basi nawaandikia ninyi mnaopima vifaa hivi, maana nimechoka kuona shimo lililonimeza mimi likimeza watu kila mwaka.

1. Andika kwenye fomu kifaa kilivaliwa mkono upi.

2. Saa. Hapa tukae kidogo.

Nilikuwa na washiriki 26. Dakika 5 kukaa, 5 kusimama, kisha juu ya mashine ya kukimbilia: kutembea kilomita 3 kwa saa, 5 kwa saa, mwisho kukimbia 8, barakoa usoni muda wote. Nilichukua dakika 2 za mwisho za kila hatua, oksijeni ikiwa imetulia. Vifaa niliviwashia kwenye laptopu yangu, ambayo saa yake hujirekebisha mtandaoni. Kompyuta ya kalorimita, yaani chombo chenye ile barakoa kinachopima oksijeni na kutoa METi, haikuwa na mtandao, na saa yake ilikuwa mbele kwa dakika 4 na ushee. Sikuangalia.

Data ikatoka hivi: mtu amesimama kwa METi 1.3, mkono unapunga kama wa mtembeaji. Mwingine anakimbia kwa METi 8, mkono umetulia kama wa maiti. Mngedhani nilishtuka. Wapi! Nikajitungia sababu: wameshika reli za mashine. Na kweli, kushika reli huua ishara ya kifaa cha mkononi, ndiyo maana uongo ule ulikuwa mtamu. Nikaandika aya nzima kuhusu reli, tena yenye marejeo.

Msaidizi wetu, aliyesimama kando ya mashine kila siku, akasoma rasimu. "Kaka, hakuna aliyeshika reli. Mimi ndiye niliyekuwa nawakataza."

Nikaenda kuwasha kalorimita, nikaweka simu kando ya kioo cha kompyuta yake. Simu 10:16, kioo 10:20. Nikakaa sakafuni.

Mtasema, si usogeze tu data dakika 4? Ningesogeza, kama katikati ya kazi mtu asingeigusa saa ile bila kuandika tarehe. Washiriki 11 wa mwisho waliokoka. Wale 15 niliwapigia simu mmoja mmoja kuwaomba warudi kuvaa barakoa, na 6 hawakurudi. Mmoja alicheka kwanza, kisha akakata simu.

Dawa yake ni ya sekunde 10: gongesha mkono wenye kifaa mezani mara 3 huku ukibonyeza alama kwenye kalorimita, mwanzo na mwisho.

3. Uwiano si kuafikiana. Kifaa kinachozidisha kila kitu mara mbili kitakupa uwiano wa 1 bila haya. Wanatakwimu Bland na Altman walishatuonyesha la kufanya tangu 1986: chora tofauti ya vipimo viwili dhidi ya wastani wake.

4. Vizingiti, yaani namba ambazo mwendo ukizifikia unahesabiwa kuwa zoezi, vya kiunoni vibaki kiunoni. Ile namba 1952 ya mtafiti Freedson, ya mwaka 1998, ni hesabu za mwendo kwa dakika za kifaa cha kiunoni. Nimeona kijana akiivalisha mkononi, na kila aliyekunja nguo akageuka mwanariadha. Na ukitengeneza vizingiti vyako mwenyewe, usivipime kwa watu wale wale waliovizaa. Hiyo ni kujisahihishia mtihani.

5. Weka baiskeli kwenye itifaki, ile orodha ya mazoezi ya kupima. Mikono imetulia kwenye usukani, mapafu yanawaka moto, kifaa kinaapa kuwa umekaa. Weka na kusukuma toroli. Najua zitaharibu grafu. Yule mdogo wangu alikuwa na kutembea na kukimbia tu, na hapo ndipo 0.88 ilipotoka, nami sikumficha.

Hata hivyo alikwenda kuangalia saa. Akarudi akitabasamu: "Sekunde 50 tu, kaka. Si nyingi, au?"

Nikamwuliza epoki zake, vile vipande vya muda ambavyo kifaa hujumlishia mwendo, ni za sekunde ngapi.

"Tano," akasema, halafu akavuta kiti.