Muulize Fundi: Rodi inaganda kila nikigusa chuma, nakosea wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ndo naanza kujifunza kuchomelea, nina mashine ndogo ya kuchomelea ya inverta na rodi za milimita 2.5 zimeandikwa E6013. Kila nikigusa chuma rodi inaganda, nikiing'oa ule unga wake unabanduka, na nikibahatika moto ukawaka unatoka mstari wa vidonge vidonge tu ambao nikiugonga na nyundo unaruka wote. Nifanyeje? Alafu miwani ya jua nyeusi inatosha kwa kuanzia?

JIBU: Marahaba. Naanza na hilo la miwani maana haliwezi kusubiri: haitoshi, hata ukivaa mbili kwa pamoja. Ule moto unatoa mionzi inayounguza jicho kwa juu kama jua kali linavyobabua ngozi, na ubaya wake haiumi palepale. Mi yalinikuta wiki ya kwanza kabisa, nilikuwa namshikia mwenzangu chuma apige doti, yaani vile vinukta vya kushikiza vipande kabla ya kuchomelea, nikajiambia akianza tu nafumba macho, sasa mwanga unafika kabla kope hazijashuka, na doti zenyewe zilikuwa nyingi. Nikala, nikalala vizuri, usiku wa manane naamka macho kama yamemwagiwa mchanga, machozi yanatiririka, hata mwanga wa simu siwezi kuutazama. Ndo kawaida yake, inakuja baada ya masaa 6 mpaka 12 hivi. Ikikupata nenda hospitali, usikubali kudondoshewa dawa za kuambiwa. Tafuta kofia ya kuchomelea yenye kioo namba 10 au 11, na anayekushikia kazi awe na yake. Glovu za ngozi, shati la pamba la mikono mirefu, na nguo za nailoni acha nyumbani kwa sababu cheche ikiangukia nailoni inayeyuka na kugandana na mwili.

Haya, sasa rodi kuganda. Wengi wanalaumu mkono wakati kosa liko kwenye ethi. Umeme lazima uzunguke: unatoka kwenye mashine, unapita kwenye rodi, unaruka kuingia kwenye chuma, unarudi kwenye mashine kupitia klampu ya ethi. Ukiibana ile klampu juu ya rangi au kutu umeukatia njia ya kurudi, moto unakuwa wa kuchechemea tu. Chukua grainda au brashi ya waya, safisha hapo unapobana mpaka chuma king'ae, safisha na hapo unapochomelea. Kisha angalia ampea. Rodi ya milimita 2.5 inafanya kazi kati ya ampea 60 na 90, wewe anzia 75 ukiwa na chuma cha unene wa milimita 5 au 6, na tafadhali jifunzie kwenye chuma kinene kama hicho, bati jembamba litatoboka na kukukatisha tamaa bure.

Kuwasha: usiidondoshe rodi wima kama unagonga muhuri, ikwaruze kama kijiti cha kiberiti, ikishika tu inua kidogo, nafasi isizidi unene wa rodi yenyewe, yaani milimita 2 na nusu hivi. Ikiganda izungushe haraka ing'oke, ikigoma bonyeza mkono wa kishikio uiachie, usiiache pale mpaka inakuwa nyekundu. Na ile iliyobanduka unga usilazimishe kuitumia kwa hapo palipo uchi, maana ule unga ndo unatoa moshi wa kukinga chuma cha moto kisiingiwe na hewa.

Vile vidonge vyako sasa. Rodi inaliwa kadiri unavyochomelea, kwa hiyo mkono una safari mbili kwa wakati mmoja, kwenda mbele na kushuka chini, na mwanafunzi karibu wote wanakumbuka ile ya kwanza wanasahau ya pili. Moto unarefuka, unaanza kurusha cheche kila upande, chuma kinadondoka kama matone juu ya chuma kingine ambacho hakijayeyuka. Ndo maana ukigonga kinaruka chote, hakikuwahi kushikana.

Na hapa ndo nataka unisikilize sana. Usiutazame ule mwanga. Nyuma yake kidogo kuna kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, king'aavu, kinatetemeka kama maji kwenye kijiko, na slagi, yaani ule unga wa rodi ulioyeyuka na kuelea juu ya chuma, inakifuata kwa nyuma ikiwa imefifia. Hicho ndo unachokiendesha. Laza rodi kidogo, nyuzi 10 mpaka 15, juu yake ielekee unakokwenda, ivute usiisukume, ukisukuma slagi inakutangulia na kufukiwa ndani. Subiri kidimbwi kipanuke kufika kama mara mbili ya unene wa rodi ndo usogee, na mwendo ukiwa sawa utaisikia inaunguruma mfululizo kama mafuta yanayokaanga, siyo paf paf paf.

Mistari ikianza kunyooka jifanyie mtihani huu. Simamisha kipande juu ya kingine kama herufi T, chomelea upande mmoja tu, acha kipoe, kisha kipige nyundo mpaka kilale upande ule uliochomelea. Kikipasuka angalia ndani. Ukiona kile kipembe cha chuma bado kimenyooka kama kilivyokatwa, moto haukufika kwenye kona, ongeza ampea au fupisha moto. Vitundu maana yake uchafu, unyevu au moto mrefu. Na kwa nje ukiona kimfereji kimechimbika pembeni mwa mstari, ampea zimezidi au unakimbia. Mi naona mtihani huu unafundisha kuliko mistari mizuri mia, kwa sababu mstari unaweza kupendeza na ndani hamna kitu. Mpaka upite mara kadhaa usichomelee ngazi wala kitu chochote cha kubeba mtu.

SWALI: Fundi, nilichomelea bomba la maji lenye zinki ndani ya chumba, usiku nikapata homa na kutetemeka baridi. Wenzangu wanasema ningekunywa maziwa kabla nisingeumwa. Ni kweli?

JIBU: Pole sana dada. Siyo kweli, maziwa yanakwenda tumboni na ule moshi unakwenda kwenye mapafu. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi na chuma kinayeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo kabla chuma hakijayeyuka zinki yote ya hapo imeshageuka moshi mweupe nawe unauvuta. Homa yake inakuja baada ya masaa kadhaa, inafanana na mafua makali, mara nyingi inaisha ndani ya siku moja au mbili, lakini kifua kikibana au pumzi ikiwa fupi usingoje, nenda hospitali na uwaambie ulichomelea zinki. Siku nyingine iondoe kwa grainda pande zote za kiungo kwa upana wa vidole viwili hivi, barakoa ya chujio la vumbi na moshi wa metali ikiwa usoni tangu kwenye kusaga, fanyia kazi nje, upepo ukupige kwa ubavu, na kichwa usikiweke juu ya moshi.