Rangi kwenye chupa za jam kwa ajili ya mishumaa

Pole dada, hiyo ya rangi ya gundi uliyoweka kwenye chupa kutoka mabakamabaka halafu kubanduka ulipoosha inawasumbua wengi. Mabaka mara nyingi ni mafuta ya vidole, so osha chupa na sabuni, kausha, kisha ifute na spiriti na usiishike tena ndani. Rangi ya chakula ikoroge kwanza na maji kidogo sana ndio uweke gundi nyeupe, maji yakizidi inachuruzika yote chini. Mimina ndani ya chupa, zungusha mpaka ienee, igeuze juu ya vijiti idondoke, iache hadi kesho yake.

Kubanduka sasa, gundi ile hata ikikauka ikikutana na maji inalainika, kwa hiyo usioshe, futa tu na kitambaa kikavu. Na kama sherehe ni bustanini na mvua zenyewe hizi, nunua rangi maalum ya kioo, ni ghali kidogo lakini inastahimili.

Kwa chupa zilizopakwa rangi ya gundi mimi ningeweka taa za betri tu. Ukitaka moto kweli, rangi ipake upande wa nje wa chupa, weka mchanga ndani chini, mshumaa mdogo katikati usiguse kioo, na chupa yenye ufa usiitumie kabisa, inaweza kupasuka karibu na watoto.