Kahoni hupigwa, haichezwi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kwenye maelezo ya video moja ya muziki wa Waperu wenye asili ya Afrika nimesoma hivi: "Vijana wanacheza kajoni huku wasichana wakicheza festejo." Je, ni kajoni au kahoni? Na kwa nini tusiseme tu "sanduku"? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Andika kahoni. Herufi j ya Kihispania hutamkwa karibu na h yetu, kwa hiyo cajón, ile ala ya sanduku la mbao, ni kahoni, na festejo, ngoma ya kuchezwa, ni festeho. "Kajoni" ni matamshi ya mtu aliyekutana na neno kwa macho tu. Mzizi wake ni caja, yaani sanduku, ndugu wa damu wa caixa ya Kireno iliyotuachia sisi kasha. "Sanduku" si kosa, maana ala yenyewe huelezwa kuwa ilitokana na masanduku ya mizigo ambayo Waafrika waliotiwa utumwani pwani ya Peru waliyageuza ngoma. Ila ukimwagiza seremala sanduku, atakuletea la nguo.

Hayo yameisha. Sasa tuje kwenye uchafu uliopita mbele ya macho yako usiuone: "wanacheza kajoni".

Kwa Kiswahili ala hupigwa. Gambusi hupigwa, kinanda hupigwa, marimba hupigwa. Zumari, ukipenda, hupulizwa. Ngoma hupigwa na mpiga ngoma, na mwenye kuicheza ni yule anayetikisa mwili. Mtoto wa chekechea anaijua tofauti hiyo. Anayeipoteza ni msomi aliyeokota kitenzi kimoja cha Kiingereza, play, kinachobeba mpira, karata, gitaa na tamthilia kwa pamoja, akadhani na sisi tuna umaskini huo.

Chukua mfano wa Ronaldo Campos, aliyeanzisha kundi la Perú Negro mjini Lima mwaka 1969. Campos alikuwa mpiga kahoni, tena alikuwa bingwa wa sapateo, ule uchezaji wa kugonga sakafu kwa kisigino, unyayo na ncha ya kiatu. Haya, niandikie "Campos alicheza kahoni". Mimi namwona mzee wa watu kapanda juu ya sanduku, anashindilia visigino! Mwandishi alitaka kuniambia kwamba kaketi. Mtu mmoja, kazi mbili, na lugha yetu ina vitenzi viwili tayari vinamsubiri. Mwandishi kavunja kimoja na kukitwisha kingine mzigo wote.

Mpigaji huketi juu ya kahoni yenyewe, kimo chake kama sentimita 50 hivi, magoti yamepanuka, tundu la sauti liko nyuma. Sauti nzito hutolewa kwa kiganja kizima, chini kidogo ya ukingo wa juu, na mkono uondoke papo hapo. Ukiulaza kwenye ubao, sauti inakufa. Sauti kali hutolewa kwa vidole, ukingoni penyewe. Wanaoanza huinama kutafuta katikati ya ubao, wakapata maumivu ya mgongo na mlio wa mlango uliobishwa. Nyuzi za kutetemesha ubao usizitafute ndani ya kahoni ya Peru. Hizo zilitiwa na watu wa flamenko, muziki wa kusini mwa Hispania, baada ya mpiga gitaa Paco de Lucía kuichukua ala hii miaka ya 1970. Peru iliitangaza kuwa urithi wa taifa mwaka 2001.

Wapo wanaojitetea kwamba "kupiga" kuna harufu ya ugomvi. Jamani! Tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga simu, tunapiga magoti, na hakuna aliyefunguliwa kesi.

Tena hatukuishia kwenye kupiga. Tazama kihada (wingi, mkipenda, vihada; kitabu nacho kilikuja na ki yake kutoka Kiarabu, tukapata vitabu). Hili ni taya la punda au farasi, lililochemshwa na kukaushwa mpaka meno yalegee kwenye vishimo vyake. Shika upande wa kidevu, piga ubavu kwa ngumi, meno yatatetema. Kisha kwaruza meno hayo kwa kijiti. Yakikaza, taya ni bubu. Yakilegea mno, utayaokota sakafuni. Ndani ya kihada kizima kinachocheza ni meno! Na kahita, kile kisanduku cha kuning'iniza shingoni, mkono mmoja hufungua na kufunga kifuniko kwa mapigo, mwingine hugonga kwa kijiti. Kupiga, kukwaruza, kugonga, kufungua, kufunga: yote hayo yafutwe, tuandike "kucheza"?

Kucheza kuna kazi yake halali. Festeho huchezwa, na lando, ngoma nyingine ya Waperu hao, huchezwa. Alkatrasi huchezwa, tena kwa tahadhari: mchezaji hufunga karatasi nyuma ya kiuno, mwenzake humfuata na mshumaa akitaka kuiwasha, na kiuno kikizembea, karatasi inashika moto.

"Redio inacheza wimbo" nimeshachoka kuipigania. Zamani wimbo ulipigwa redioni, siku hizi unachezwa, na watangazaji ni wengi kuliko mimi. Mipaka yangu nimeirudisha hadi kwenye ala, na hapo sibanduki.

Sentensi yako basi isomeke: "Vijana wanapiga kahoni huku wasichana wakicheza festeho." Mwandishi wake akibisha, mpe kahoni aicheze, nasi tumtazame.