Nilisaini hela, sikusaini pori

Karatasi ya mahudhurio ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa na majina 114. Niliichora mwenyewe kwa rula: namba, jina, jinsia, kitongoji, sahihi. Wasioandika waliweka dole gumba, na kila aliyeweka alipokea shilingi 5,000 na soda. Jioni ile, nikiwa kwenye gari kurudi Babati, nilijiona mtu wa maana. Wiki mbili baadaye karatasi hiyohiyo ilibanwa nyuma ya muhtasari wenye mhuri wa kijiji, na muhtasari ukasema wananchi 114 wameridhia kwa kauli moja kutenga pori lao la magharibi liwe hifadhi.

Niliporudi kuweka alama za mipaka, bibi mmoja alikuwa amekaa pale tulipotaka kuchimba shimo la kwanza. Kikapu chake kilikuwa na mizizi ya dawa na alikuwa hana haraka. Nilimwonyesha jina lake na dole gumba lake. Akaitazama karatasi, akacheka. "Mwanangu, mimi nilisaini hela. Pori sikusaini."

Kijiji sikitaji, wala asasi iliyoniajiri siitaji. Aliyeibana karatasi ile ni mimi.

Tangu hapo nimefanya kazi ya mipango ya matumizi bora ya ardhi kwa miaka kumi na ushee, zaidi Manyara, na mara chache nimefika Pwani ya Kenya kujifunza. Nawaandikia hasa vijana walioajiriwa juzi kwenye miradi ya uhifadhi inayoitwa shirikishi. Wakubwa wenu watawafundisha kuandaa bajeti na taarifa ya robo mwaka. Haya mengine wengi wetu tuliyajua kwa kuaibika.

Anza na karatasi. Karatasi ya posho iwe ya posho, na muhtasari uwe na kumbukumbu yake ya maamuzi: nani alisema nini, wangapi walinyoosha mkono kukubali, wangapi kukataa, wangapi walikaa kimya. Kabla mwenyekiti hajafunga mkutano, muhtasari usomwe kwa sauti, palepale, wakati watu bado wamekaa. Utashangaa. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, marekebisho yalichukua muda mrefu kuliko mkutano wenyewe, na mtendaji wa kijiji hakunisemesha mpaka kesho yake. Nakala ibaki kijijini. Ikikaa ofisini kwenu tu, ni mali yenu.

Halafu angalia kipengele cha "mengineyo". Mikutano yetu mnaijua: kufungua, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, ajenda kuu, mengineyo, kufunga. Ajenda kuu ni ya mgeni aliyekuja na gari. Ya wenyeji hutupwa kwenye mengineyo, jua limeshazama na wanawake wameshaondoka kwenda kupika. Siku hizi naomba mengineyo yaje kwanza. Makarani hawapendi, lakini ndipo nilipojua kwamba kijiji kimoja hakikuwa na ugomvi wowote na tembo. Ugomvi wao ulikuwa kisima.

Tuje kwenye neno lenyewe, hifadhi. Sisi tulioliona darasani tunasikia miti na wanyama. Mfugaji wa kaskazini akilisikia anamkumbuka babu yake. Mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa ndani ya Serengeti walihamishiwa Ngorongoro. Mwaka 1988 wafugaji waliondolewa Mkomazi. Kuvuka mpaka tu, Waendorois walianza kutolewa pembeni mwa Ziwa Bogoria mwaka 1973 ili pawe pori la akiba, na ikachukua hadi mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliosema walidhulumiwa, kutoka. Kwa hiyo ukisimama mbele ya watu hawa na kusema "tumekuja na hifadhi", tayari umesema mengi ambayo hukukusudia. Mimi kwenye ziara ya kwanza silitamki kabisa. Nauliza pori lile wanaliitaje, lina sehemu ngapi, na nani huruhusiwa kuingia lini. Mara nyingi taratibu zipo tayari: mahali pasipokatwa mti, malisho yanayofungwa hadi kiangazi kikali, chemchemi isiyooshewa nguo. Kazi yako inapungua nusu ukikubali kwamba umekuta kitu.

Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, ndilo lililonivua ujuaji. Huko wapo Wahadzabe, watu takribani elfu moja na kidogo, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Nilikwenda na swali langu la kawaida: kiongozi wenu ni nani? Wakatazamana. Wahadzabe hawana chifu, hawajawahi kuwa naye, na mtu akianza kuamrisha wenzake wanamcheka, au wanafungasha na kuhamia kambi nyingine. Mgeni anayetaka mwakilishi kwa nguvu atapewa kijana anayejua Kiswahili vizuri. Kijana huyo atasaini. Kesho yake kambi itakuwa imehama, na mgeni ataandika kwenye taarifa kwamba jamii ni ya kuhamahama hivyo ushirikishwaji una changamoto. Lakini watu wamekwisha kujibu! Kwa watu ambao hawana desturi ya kusimama mkutanoni na kupinga, kuondoka ni kukataa. Nimejifunza kuhesabu waliohama pamoja na walionyoosha mikono.

Kwa hiyo kikao kifuate kambi. Ukiita watu ofisi ya kijiji saa nne asubuhi, utapata wanaokaa karibu na ofisi ya kijiji: mwalimu, mwenye duka, wakulima waliohamia. Wafugaji nao wana lao, kwani kiangazi vijana wako mbali na ng'ombe, na hao ndio wanaojua njia za maji kuliko mzee yeyote atakayekaa mbele. Na wanawake kaa nao peke yao, wakati waliouchagua wao. Bibi yule wa kikapu hakufungua mdomo siku ya mkutano wangu. Alikuwa nyuma, na mbele kulikuwa na mkwewe.

Ramani ni jambo tamu, nalo lina mtego. Chora chini kwanza, kwa majivu, mawe na matawi, kabla ya kutoa karatasi au kifaa cha satelaiti. Wape wanaume sehemu yao na wanawake yao. Wanaume wataweka mizinga, nyayo na mahali wanyama wanapolamba chumvi. Wanawake wataweka mizizi, kuni, maji, na vijia vya kukwepa fisi. Ukiziweka pamoja utaona pori lile lile kana kwamba ni mawili. Ndipo mtembee mpaka kwa miguu, na majirani wakiwepo, maana mpaka uliotembewa na upande mmoja ni kesi ya mwakani.

Mtego wenyewe ni huu: si kila kinachoonyeshwa kinaruhusiwa kuchapishwa. Niliwahi kuingiza mahali pa tambiko kwenye ramani ya rangi, na alama ya nyota nyekundu juu yake, nikaibandika ukutani nikiamini nimeheshimu utamaduni. Wazee wakaniomba niishushe siku ileile. Nilipofika kwenye makaya ya Wamijikenda, misitu mitakatifu ya Pwani ya Kenya ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, nililiona jambo hilo kwa ukubwa wake. Misitu ile imesalia katikati ya mashamba kwa sababu wazee wa kaya wana miiko: njia ya kuingilia, mahali pa kuishia, usivyoruhusiwa kutoka navyo. Siri ni sehemu ya ulinzi. Siku hizi nauliza kila sehemu: hii iandikwe, iandikwe kwa jina tu bila mahali, au isiandikwe?

Sasa sheria, na hapa wanakijiji wenyewe wanisikilize. Kwa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inakipa kijiji uwezo wa kutoa hatimiliki ya kimila, na si lazima iwe ya mtu mmoja. Inaweza kuwa ya kikundi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata yao, zaidi ya hekta 20,000 kwa jina la jamii, kwa msaada wa asasi ya UCRT. Edward Loure wa asasi hiyohiyo alipewa Tuzo ya Goldman, ya watetezi wa mazingira, mwaka 2016 kwa kazi hiyo ya hati za pamoja. Watu husimulia tuzo. Mimi nawaomba mkumbuke vikao vilivyotangulia, vya kupatana mipaka na majirani, wakiwemo Wadatoga wenye ng'ombe wanaohitaji maji na majani mwaka wa ukame kama kila mfugaji. Hati iliyopatikana bila kuzungumza na jirani itakupa kesi mkononi badala ya pori.

Sheria hiyohiyo inasema ardhi ya kijiji haihaulishwi, yaani haihamishwi kutoka mikononi mwa kijiji, kimyakimya. Eneo lisilozidi hekta 250, uamuzi ni wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani watu wazima wote, wala si halmashauri ya kijiji pekee. Likizidi hapo linakwenda kwa waziri, na mkutano mkuu bado lazima utoe maoni yake. Kwa hiyo akija mtu na kusema "tumeshamalizana na viongozi wenu", muulize mkutano mkuu ulikaa tarehe ngapi na muhtasari uko wapi. Ulizeni kwa upole, na mmoja wenu aandike jibu.

Majirani zetu wa Kenya wana hukumu ya kusomwa na kila anayefanya kazi hii. Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliwapa haki Waogiek wa msitu wa Mau, ikakataa hoja ya serikali ya Kenya kwamba wao ndio walioharibu msitu. Mwaka 2022 ikaagiza walipwe fidia, wapewe hati ya pamoja, na washauriwe kwa mila na desturi zao. Nayarudia maneno hayo ya mwisho kwa sababu ndiyo magumu. Kushauri watu kwa desturi zao maana yake ratiba yako haina nguvu. Mzee akisema tutajibu baada ya mvua, jibu ni baada ya mvua.

Fedha nitaisema kwa ufupi ingawa ndiyo inayovunja kamati nyingi. Yaeda wanauza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa kaboni inayobaki kwenye miti isiyokatwa. Msitu ukibaki, kuna mapato, na watu wanapanga yaende wapi: matibabu, ada za watoto, walinzi wanaotoka humohumo vijijini. Mambo yale yanawezekana. Lakini kabla kijiji chenu hakijasaini mkataba wa namna hiyo, udai nakala ya Kiswahili, isomwe yote hata kama itachukua siku mbili, na mjue miaka mingapi mnajifunga, mgawo wenu unahesabiwa kabla au baada ya gharama za kampuni inayowauzia, na mkitaka kutoka mnatokaje. Mapato na matumizi yasiishie kubandikwa kwenye ubao wa matangazo ambao nusu ya kijiji hawausomi. Yatangazwe kwa sauti. Na watia sahihi benki wasiwe ndugu. Mnacheka, lakini nimekuta mume, mke na shemeji.

Wapo watakaoniambia njia hii ni ya taratibu mno, wanyama wanaisha. Niliwahi kusema hivyo hivyo. Basi nendeni Kuruwitu, Kilifi, ambako mwaka 2005 wavuvi wenyewe waliamua kufunga kipande cha bahari cha hekta 30 hivi wasivue, baada ya kuona samaki wamepungua na matumbawe yamekufa. Hapakuwa na aliyewafukuza. Kijiji chenye haja ya samaki kilikubaliana kutovua mbele ya macho yake, na samaki wakarudi. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta. Ulinzi wa namna hiyo haununuliki kwa bunduki, na nimeona bunduki nyingi.

Kuhusu lile pori la magharibi: tulianza upya. Bosi wangu wa wakati ule alikasirika, mfadhili akaandika barua, na robo ile hatukuwa na cha kuripoti. Tulikaa vikao vinne, viwili vya wanawake peke yao. Kwenye mkutano mkuu, theluthi mbili ya pori ilitengwa kwa masharti yao wenyewe, na upande wa kusini wenye mizizi ya dawa ukaachwa nje ya mpango. Muhtasari ulisomwa kwa sauti. Kipengele cha nne kiliandikwa hivi: "Wananchi wamekataa kutenga eneo la kusini." Bibi akaomba kalamu, akakataa kidau cha wino. Alikuwa amejifunza kuandika herufi mbili za jina lake, na akaziandika kwa muda mrefu sana huku sote tukisubiri.