Weka bisibisi chini, noti kuteleza sio ugonjwa wa mpira

Mkuu kabla hujafungua hata skrubu moja soma hapa. Umesema umechukua kinanda cha Yamaha PSR-S cha mtumba kwa jamaa wa bendi, mkono wa kulia noti zinavutana kama fidla ya taarab, mara zinavuta mara hazivuti, na ukishika noti tatu kwa pamoja inalia moja tu, fundi kakwambia mpira wa ndani, ule wa chini ya vitufe, umekwisha umpelekee Jumamosi. Halafu chini ukauliza potamento, yaani huo mvuto wa noti moja kuteleza mpaka nyingine, uweke ngapi kwa solo ya sebene. Hayo ya sebene subiri. JUMAMOSI USIENDE.

Huo mpira mimi nimeshauziwa. Dalili hizo hizo neno kwa neno, na fundi wangu alikuwa na maelezo matamu balaa, anakuonyesha vumbi kwenye kidole anatikisa kichwa kama daktari, "unaona mwenyewe". Naona nini sasa, vumbi hata kwenye friji lipo! Nikalipa. Akafungua, akasugua kontakti kwa kitu kinanuka tina, akabadilisha mipira, na wakati wa kurudisha akauchana ule waya bapa unaotoka kwenye vitufe kwenda kwenye bodi. Sasa vitufe vya kinanda havina waya mmoja mmoja, vimepangwa kwa safu zinazokatizana, kwa hiyo ukikata njia moja hakifi kitufe kimoja, linakufa kundi zima. Nikarudishiwa kinanda chenye vitufe bubu vimerukana-rukana, na vile vilivyobaki hai mkuu, BADO VINATELEZA. Kwaya inaimba pambio mimi nakwepa maiti kwa vidole. Waumini walidhani ni mtindo mpya.

Nilipomrudia akasema basi bodi nayo imekwisha. Huyo jamaa alikuwa na bisibisi nzuri kuliko masikio, maana angesikiliza tu angejua. Uchafu hauvuti noti. Chini ya kila kitufe kuna kontakti mbili, kinanda kinapima muda kati ya ya kwanza kugusa na ya pili, ndio kinajua umepiga kwa nguvu au taratibu. Zikichafuka kitufe kinakuwa bubu, au unagusa kidogo kinalipuka kwa sauti ya juu. Basi. Hakuna vumbi la kuichukua Do likaipandisha taratibu mpaka Sol, hiyo ni kazi ya programu na kuna mtu aliiwasha, hasa ukizingatia kinanda kimetoka kwa mpiga solo.

Na ile mara inavuta mara haivuti ndio iliyotuponza wote. Kwenye hizi PSR-S potamento inafanya kazi sauti ya ala uliyochagua ikiwa kwenye Mono, na Mono maana yake inalia noti moja tu kwa wakati, ndio hizo noti zako tatu zilipopotelea. Halafu mvuto unatokea ukipiga legato, yaani umebonyeza noti ya pili kabla hujaachia ya kwanza. Ukiachia vizuri kabla ya kugusa nyingine, kimya, noti safi. Sasa fundi anapima vipi? Kidole kimoja, kitufe kimoja, anaachia, kingine, anaachia, haoni kitu. Ukikaa wewe ukapiga wimbo vidole vinapandiana, inavuta. Anasema umeona, kontakti inakamata na kuachia. Uongo mtupu ila unaingia akilini kabisa, mimi uliniingia nikatoa na hela.

Kwa hiyo sheria ni moja na hii hata uniamshe usiku nakutajia: BADILISHA SAUTI KWANZA. Chagua piano ya kiwandani, sio ile iliyokaa kwenye Registration (vile vitufe vya kuita mipangilio iliyohifadhiwa) wala User (sehemu ya sauti alizohifadhi mwenyewe) ya huyo jamaa, piano ya kawaida kabisa. Piga vidole vikipandiana. Mvuto ukiondoka, kinanda ni kizima, ugonjwa uko kwenye sauti aliyoihifadhi mwenye nacho wa zamani. Rudi kwenye sauti yake, kwenye Right 1 (sauti ya mkono wa kulia) toa Mono weka Poly (noti nyingi kwa pamoja), hifadhi upya, maana usipohifadhi ukibonyeza tena ile Registration inarudi vile vile na utaanza kumtafuta mganga. Ukibadilisha sauti na bado kitufe kile kile kinagoma, hapo ndio tuongelee mpira. Fundi yeyote asiyebadilisha sauti kabla ya kushika bisibisi kwangu hagusi hata chaja ya simu.

Kuna watakaokwambia ufanye reset ya kiwandani, yaani kukirudisha kilivyotoka kiwandani. Inasaidia ndio, ila hifadhi vitu vyako kwenye flashi kwanza, maana huyo jamaa wa bendi huenda amekuachia sauti nzuri humo ndani, usifute shamba zima kwa ajili ya jani moja.

Sebene sasa. Namba ya potamento haina uchawi, anza chini kabisa panda kidogo kidogo, solo ya sebene ni noti za haraka, ukiweka muda mrefu kila noti inafika imechelewa na mpiga drams atakuangalia vibaya. Angalia pia vinanda haviko sawa, kuna vinavyotumia muda ule ule hata uruke oktavu nzima, na kuna vinavyokwenda kwa mwendo mmoja, kwa hiyo oktavu inachukua muda mara 12 ya nusu toni. Namba ya mwenzako usiinakili.

Washa kinanda sasa hivi, piano, noti tatu pamoja, halafu rudi uniambie zimelia ngapi. Na huyo fundi mpigie mwambie Jumamosi una msiba.