Fulana ya katuni na jua la Masindi

Krismasi ya mwaka ule tulikwenda Masindi, magharibi mwa Uganda, kwa wazazi wa mume wangu, na kijana wangu wa miaka 12 alishinda siku nzima kwenye jua la Desemba akiwa ndani ya sweta, zipu imevutwa hadi kidevuni. Jasho linamtiririka. Bibi yake akamgusa shingo, kisha akaniita pembeni: "Mwanangu, huyu mtoto haumwi kweli?" Hakuwa mgonjwa. Ndani ya sweta alivaa zawadi yangu ya Krismasi, fulana niliyomnunulia Kikuubo, mtaa wa maduka wa Kampala, nyekundu, yenye gari la katuni lililotoa macho na kutabasamu, na binamu zake wa rika lake walikuwa wamekaa chini ya mwembe. Aliivaa kwa sababu mama alisema ivaliwe. Aliificha kwa sababu ana akili.

Nilikuwa nimemnunulia mtoto wa miaka 8. Tatizo ni kwamba yule wa miaka 8 alishaondoka nyumbani kwangu bila kuaga, na mimi nilikuwa bado namwekea sahani.

Mimi nimezaliwa Jinja, kwenye nyumba za reli, na kwetu zawadi ya Krismasi ilikuwa gauni, basi. Fundi aliweka cherehani barazani, foleni ya kupimwa ilianza Novemba, na mama alimwamuru aache pindo la vidole vinne kwa sababu nilikuwa narefuka kama mgomba. Gauni hilo lilivaliwa Krismasi, likavaliwa Pasaka, likashushwa pindo, likavaliwa Krismasi nyingine. Hakuna aliyeniuliza nataka rangi gani. Ndiyo maana nilipoanza kununulia watoto wangu zawadi sikujua kwamba kuna kuuliza. Nilidhani mzazi anaona, ananunua, mtoto anashukuru.

Kwa mtoto mdogo hiyo bado inafanya kazi. Mpe mpira wa plastiki wa kandokando ya barabara, umemaliza. Lakini kuanzia miaka 10 hivi hadi 13, zawadi inageuka kuwa jambo la heshima. Mtoto anaifungua huku anajiuliza: hivi ndivyo mnavyoniona? Na hasemi. Atasema "Asante, mama" kwa sauti ileile, iwe ameipenda au anatafuta pa kuificha.

Nilipogundua hilo nilijaribu njia nyingine kwa binti yangu. Alikuwa anakaribia miaka 11. Nilimpa shilingi 50,000 mkononi na Jumamosi moja. Tulikwenda Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe ingawa sijasikia kondakta akiliita hivyo, na tulifika asubuhi wakati marobota ya mivumba, yaani mitumba, yanafunguliwa. Sharti langu lilikuwa moja: mimi nabeba mfuko, sichagui, sisemi. Nilishindwa mara mbili kabla hatujafika kwenye viatu.

Alipita magauni yote mazuri. Namaanisha yote. Akaenda kusimama mbele ya koti la jinzi la kiume, mikono imevuka vidole vyake, mfuko mmoja umechanika upande. Muuzaji akasema 30,000. Binti yangu, ambaye nyumbani ukimtuma dukani anakuuliza mara tatu aseme nini, akainua uso: "Ssebo, salako." Bwana, punguza. Muuzaji akacheka, akanitazama mimi. Mimi nikatazama mikanda. Wakashuka hadi 18,000, mtoto akalirudisha koti kwenye hanga, akaondoka hatua tatu bila kugeuka. Hatua hizo ni zangu. Ni mimi nilivyokuwa nikifanya kila mwaka yeye akiwa ameshika sketi yangu. Akaitwa, akalipa 15,000. Zilizobaki alinunua ndizi mbili za gonja za kuchoma, moja yangu, vibanio vya nywele, na chenji akaisukuma ndani ya soksi.

Koti lile silipendi hadi leo. Alilivaa kanisani juu ya gauni la Krismasi, na mama mkwe wangu alilitazama kuanzia wimbo wa kuingilia hadi baraka. Lakini sweta haikuhitajika.

Kwa hiyo ukiniuliza umnunulie nini, nitakuuliza kwanza kama unaweza kwenda naye. Kama huwezi, peleleza. Usimuulize "Unataka nini Krismasi?" kwa sababu atakutajia simu, mazungumzo yaishie hapo. Tazama anaazima nini. Mtoto anayeazima saa ya baba yake kila Jumapili ameshakwambia. Anayelalamika kwamba mdogo wake amegusa vitu vyake amekwambia pia, na huyo ndiye aliyenifikisha Katwe.

Mwaka huo wa Katwe kijana alikuwa amefanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Wenye watoto wa darasa la saba wanajua ilivyo: mtihani ni Novemba, matokeo yanatoka Januari, na Krismasi inakaa katikati kama mgeni asiyejua habari za nyumba. Mtoto hajui kama amefaulu, hajui atapata shule gani, na kila mjomba anayeingia na kuku mkononi anamuuliza, "Eh, ulifanyaje mtihani?" Ukitaka kumharibia kabisa sikukuu, mwambie zawadi yake itategemea alama. Nimewaona wanaofanya hivyo. Mtoto anakula wali kama anayekunywa dawa.

Nilikwenda kwa mafundi wa bati wa Katwe nikamtengenezea sanduku la shule, la buluu, jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe. Fundi hakupima nafasi vizuri, herufi mbili za mwisho zimebanana kama abiria wa kiti cha nyuma. Najua, sanduku limo kwenye orodha ya mahitaji ya shule za bweni, pamoja na godoro na karatasi za chooni, na mimi mwenyewe ndiye huwaambia wenzangu wasifunge kwa karatasi ya zawadi kitu kilichomo kwenye orodha ya shule. Hapo najipinga. Ila lilikuja Desemba, kabla ya matokeo, na ujumbe wake aliuelewa bila mimi kuhutubia: wewe unakwenda tu, alama zije zinavyokuja.

Tulibishana na mume wangu juu ya kufuli. Lilikuwa na funguo mbili, naye alitaka mmoja ubaki kwake, "kwa usalama." Usalama wa nani? Nikampa mtoto zote mbili. Wiki nzima alilala na moja shingoni kwa kamba ya kiatu. Siku ya nne akaniletea ya pili nimtunzie, na usidhani ni mapenzi: mdogo wake alikuwa ameshaigundua chini ya godoro.

Kwa wasichana kuna zawadi nyingine ambayo haifunguliwi mbele ya watu. Kwa Baganda mambo haya ni ya ssenga, shangazi wa upande wa baba, na mimi nilimwita wifi yangu nikampa kazi hiyo kwa moyo mweupe. Kipochi kidogo chenye zipu, ndani yake pedi, zikiwemo za kitambaa za kufua zinazoshonwa hapahapa Uganda, chupi mbili mpya, sabuni. Alimpa jikoni wakati wengine wanatazama mpira. Hedhi haikuja mwaka ule. Ilikuja mwaka uliofuata, akiwa shuleni, na kipochi kilikuwa ndani ya begi. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko kuku mmoja wa sikukuu.

Simu sinunui, na sitoi maelezo marefu. Shule nyingi za bweni zinaikataza, laini utaisajili kwa kitambulisho chako wewe, na kila atakachokituma kwa namba hiyo kimetumwa na wewe. Mitandao mingi ya kijamii yenyewe inataka mtu afike miaka 13. Akihitaji kuongea na binamu zake, yangu ipo sebuleni, na sebule ina watu.

Na kuna zawadi ambayo unajinunulia mwenyewe kupitia mtoto. Yangu ilikuwa kamusi ya Kiswahili. Unajua nilivyokulia hapa: ukiongea Kiswahili kwenye teksi, watu walishika mifuko au walidhani baba yako ni askari. Kisha Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kiwe lugha rasmi na kiwe somo la lazima shuleni, nami nikaona ushindi wangu umefika, nikanunua kamusi nene, nikaifunga kwa utepe. Kijana akaipokea kwa mikono miwili. Imekaa pale rafuni imenyooka, na mimi ndiye ninayeifungua. Ubao wa omweso, bao la kwetu, ulionunuliwa siku hiyohiyo, wenye mashimo 32 na kete 64, hakuuacha. Babu yake alimfunga michezo sita mfululizo bila huruma, na mtoto akataka wa saba.

Mwaka huu wa zamu ni kitindamimba, amefika 10. Nimepanga niende naye mjini wiki ya kwanza ya Desemba, kabla mabasi ya Kisenyi hayajapandisha nauli na Kikuubo haijawa ya kupita kwa viwiko. Nimempeleleza mwezi mzima. Hataki nguo, hataki mpira. Anataka njiwa, dume na jike, na ameshapima ukuta wa nyuma ambapo kibanda kitakaa. Baba yake bado hajaambiwa.