Bondia Muhammad Ali: Uislamu wake, na kama ngumi zake ni hoja kwetu

SWALI

Assalaam alaykum, shikamoo sheikh. Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Tanga. Nacheza ngumi za ridhaa na sasa kuna promota anataka nisaini mkataba wa ngumi za kulipwa, nimeshapokea advansi. Baba amekataa, anasema ngumi ni haramu. Nikamjibu kwamba Muhammad Ali alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu, Muislamu, na amehiji, sasa uharamu unatoka wapi? Ami yangu akadakia kwamba Ali hakuwa Muislamu, alikuwa wa lile kundi la Marekani lenye mtume wao, na kutetemeka kwake kulikuwa laana. Maneno yale yameniuma sana. Je, Ali alikuwa Muislamu au la? Inafaa kumwombea rehema? Na mimi nisaini au nisisaini?

JIBU

Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Marahaba mwanangu.

Alhamdulillah, was-swalaatu was-salaamu alaa Rasuulillah. Maswali yako ni matatu, na nyinyi mmeyafunga fundo moja, ndiyo maana hamkuelewana. Wewe umetaka ngumi ziwe halali kwa kuwa Ali alikuwa Muislamu. Ami yako, ili akushinde, akaona lazima amtoe Ali kwenye Uislamu. Hakuna haja ya yote hayo. Kitendo cha mtu hakiwi dalili ya sharia, hata awe mcha Mungu kiasi gani, na mtu hatoki kwenye dini kwa kufanya kazi yenye makosa. Basi nianze na mtu mwenyewe, kisha nije kwenye ngumi.

Alizaliwa Louisville, katika jimbo la Kentucky, tarehe 17 Januari 1942, akaitwa Cassius Clay, katika familia ya Kikristo. Mwaka 1960 alitwaa medali ya dhahabu kwenye Olimpiki ya Roma. Februari 1964, pale Miami Beach, alimshinda Sonny Liston akawa bingwa wa dunia, na siku iliyofuata akatangaza kuwa ameingia Nation of Islam, kundi la Elijah Muhammad. Siku chache baadaye Elijah akampa jina la Muhammad Ali.

Ami yako ana sehemu ya ukweli hapa, na haki yake tumpe. Kundi lile lilifundisha kwamba Mwenyezi Mungu alidhihiri katika umbo la mtu aitwaye Fard, kwamba Elijah ni mjumbe wake, na kwamba watu weupe ni mashetani kwa maumbile yao. Hata saumu waliifunga mwezi wa Desemba badala ya Ramadhani. Mafundisho haya yanagongana na shahada yenyewe. Allah amesema katika Suratul Ahzab, aya ya 40, kwamba Muhammad, swalla Llahu alayhi wa sallam, ni Mtume wa Mwenyezi Mungu na mwisho wa Manabii. Aliyekuja baada yake akadai utume, madai yake ni batili, awe wa Marekani au wa kwetu.

Lakini ami amesoma kitabu akaishia ukurasa wa 1964. Mwaka 1972 Ali alikwenda Makka akahiji. Februari 1975 Elijah Muhammad alifariki, na uongozi ukashikwa na mwanawe, anayejulikana kwa jina la Warith Deen Mohammed. Huyu alifanya jambo zito ambalo halitajwi inavyostahili: aliyaacha mafundisho ya baba yake, akafungua milango ya misikiti yake kwa watu wa rangi zote, akawarudisha wafuasi kwenye swala tano, saumu ya Ramadhani na Uislamu wa Kisunni. Ali alimfuata, na hakwenda na waliobaki kwenye mafundisho ya zamani. Tangu hapo mpaka alipofariki tarehe 3 Juni 2016 ni miaka zaidi ya 40, na katika miaka hiyo alikuwa akitangaza hadharani kuwa ni Muislamu kama sisi. Mtume alimwambia Amr bin al-Aas, alipokuja kusilimu, kwamba Uislamu unabomoa yaliyokuwa kabla yake. Hadithi hiyo imo katika Sahih Muslim, kitabu cha hadithi cha Imamu Muslim. Mtu akishatoka kwenye itikadi mbovu, kumrudishia itikadi hiyo mdomoni baada ya kufa ni dhulma. Na Usama bin Zayd, radhi za Allah zimfikie, alipomuua mtu aliyekwisha kutamka shahada kwa kudhani ameitamka kwa hofu ya silaha, Mtume alimuuliza: je, uliupasua moyo wake? Sisi hatukupewa kazi ya kupasua mioyo.

Pana jambo katika maisha yake ambalo mimi hulikumbuka kuliko mapambano yake, nalo ni la Malcolm X, mhubiri wa kundi lile la Elijah. Malcolm ndiye aliyemlea Ali kwenye njia ile na alikuwa naye Miami kabla ya pambano la Liston. Kisha Malcolm akagombana na Elijah, akaenda Makka kuhiji mwaka huohuo 1964, akaswali bega kwa bega na watu weupe, akarudi akiwa na uelewa mwingine wa dini. Mei 1964 wakakutana Accra, Ghana, na Ali akampa mgongo. Februari mwaka uliofuata Malcolm aliuawa. Ali alikuja kusema uzeeni kwamba kumgeuzia mgongo Malcolm ni katika makosa anayoyajutia zaidi maishani. Kumbe rafiki yake alikuwa ameuona ukweli miaka 10 kabla yake. Na maiti huombi radhi tena. Unabaki na istighfari, kumwomba Allah msamaha.

Aprili 1967, pale Houston, Ali alikataa kuingia jeshini kwenda Vietnam kwa hoja ya dini yake. Akavuliwa ubingwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000, na ingawa hakulala jela kwa sababu ya rufaa, alizuiwa kupigana kwa zaidi ya miaka 3 tangu akiwa na umri wa miaka 25, umri ambao bondia ndipo anapochanua. Mahakama Kuu ya Marekani ilimfutia hatia Juni 1971. Itikadi yake wakati ule ilikuwa na kasoro nilizozitaja, na ujira wa nia yake uko kwa Allah. Ila kijana anayeniambia kwamba hawezi kuacha pambano moja kwa ajili ya dini, na huku mfano wake ni Ali, huyo hajamfahamu Ali.

Hatumfanyi malaika. Tukimsifu kwa hilo, tukumbuke pia mwaka 1980, Rais Carter alipomtuma Afrika kuzishawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow. Alifika Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye. Tanzania ikaenda Moscow na kurudi na medali mbili za fedha, za Suleiman Nyambui na Filbert Bayi. Mtu mkubwa naye hutumwa, hukosea.

Na kosa lake ambalo kwangu lina uzito kuliko hata ngumi ni ulimi. Joe Frazier alimsaidia Ali siku za kufungiwa, lakini yalipofika mapambano yao matatu, kuanzia New York mwaka 1971 hadi Manila mwaka 1975, Ali alimdhihaki mbele ya dunia, akamwita sokwe, akamwita kibaraka wa wazungu. Mwenyewe alisema ni ya kuuzia tiketi. Suratul Hujurat, aya ya 11, inatukataza kudharauliana na kuitana majina ya kejeli, na haina kifungu cha kutoa ruhusa kwa ajili ya tiketi. Frazier aliishi na uchungu ule miaka mingi. Hii ni haki ya mja, na haki ya mja haifutiki kwa istighfari peke yake. Lazima umwendee mwenyewe. Mwaka 2001 Ali aliomba radhi hadharani kupitia gazeti. Frazier alipofariki mwaka 2011, Ali alihudhuria mazishi yake Philadelphia, naye mwenyewe akiwa mgonjwa taabani. Nyinyi mabondia wa leo, kwenye kupima uzito mnatukaniana mama zenu mbele ya kamera kisha mnaita ni promo. Hilo ni haramu hata kwa anayeona ngumi ni halali.

Sasa maradhi. Aligunduliwa na ugonjwa wa Parkinson, ndio uliomtetemesha, mwaka 1984. Kusema ni laana ni kujifanya umesoma Lauhul Mahfudh, ubao alikoandika Allah makadirio yake. Nabii Ayubu, alayhis salaam, aliugua. Na katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba halimfiki Muislamu tabu, maradhi wala huzuni, hata mwiba unaomchoma, ila Allah humfutia kwayo makosa yake. Ali aliugua zaidi ya miaka 30 bila kujificha. Mwishoni mwa mwaka 1990, ugonjwa ukiwa umeshamshika ulimi, alikwenda Baghdad na kurudi na Wamarekani 15 waliokuwa wameshikiliwa mateka. Walipompa nyota ya heshima Hollywood mwaka 2002, alikataa iwekwe chini kwenye njia ya watu kama za wenzake, kwa sababu imebeba jina la Muhammad na hataki likanyagwe, ikawekwa ukutani. Kijana aliyekuwa akipiga kelele kwamba yeye ndiye mkubwa kuliko wote, uzeeni alikuwa akiwatilia watu saini kwenye vijitabu vya kuelezea Uislamu. Mwambie ami, kwa adabu, kwamba Mtume amekataza kuwatukana waliokufa, kwani wameshayafikia waliyoyatanguliza.

Aliswaliwa swala ya jeneza Louisville tarehe 9 Juni 2016, ndani ya Ramadhani, Imamu Zaid Shakir akiongoza, na maelfu ya Waislamu wakiwa safuni. Kwa hiyo ndiyo, inafaa kumwombea rehema. Rahimahullah.

Tuje kwenye ngumi zenyewe. Uislamu haukatai nguvu. Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Allah kuliko muumini dhaifu, na wote wana kheri. Imepokewa na Muslim. Mieleka, mbio, kulenga shabaha, farasi, vyote vina asili katika Sunna. Tatizo la ngumi za kulipwa ni kile kinachotafutwa ulingoni. Mchezaji mpira anaweza kuvunjika mguu, lakini goli halihesabiwi kwa kuvunja mguu. Bondia pointi zake ni mapigo ya kichwani na mwilini, na ushindi wake mtamu kuliko wote ni kumtoa mwenzake fahamu. Kinshasa, Oktoba 1974, Ali alipomwangusha George Foreman raundi ya 8, watu uwanjani walikuwa wakiimba kwa Kilingala kwamba Ali amuue. Hawakumaanisha kifo, najua, lakini hawakuwa mbali na lengo la mchezo.

Mtume amesema, katika hadithi ya Abu Hurayra iliyomo kwenye Sahih mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kwamba anayepigana na ndugu yake na ajiepushe na uso. Ikiwa hata kwenye ugomvi wa kweli uso unaheshimiwa, vipi kwenye burudani? Allah anasema tusijitupe kwa mikono yetu katika maangamizi (Al-Baqara, 195), na kanuni iliyotoka kwa Mtume ni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Kwa dalili hizi Baraza la Fiqhi la Rabita, yaani Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, lilipokaa Makka Oktoba 1987, lilipitisha kwamba ngumi kama zinavyochezwa ulingoni leo ni haramu, kwa kuwa zinamruhusu mtu kumdhuru mwenzake mpaka upofu, kuumia ubongo au kifo, bila aliyepiga kuwajibika. Mimi nafuata kauli hiyo. Yapo na mengine, kama kamari za washabiki na bukta zinazoacha paja wazi, lakini hayo yangerekebishwa na hukumu ya msingi ingebaki palepale.

Ukitaka ushahidi, utaupata kwa huyohuyo uliyemleta kama hoja. Daktari wake wa ulingoni, Ferdie Pacheco, alimshauri astaafu, hakusikilizwa, akajiondoa mwaka 1977. Ali akapigana mara nne zaidi. Oktoba 1980, mbele ya Larry Holmes, alipigwa mpaka kona yake ikakataa asitoke kwa raundi ya 11. Akarudi tena Desemba 1981, akapigwa na Trevor Berbick kule Bahamas, akiwa na miaka 39. Rekodi yake ni mapambano 61, ameshinda 56. Kama Parkinson ile ilitokana na ngumi tu au la, waulize madaktari. Kwamba mapigo ya kichwa yanaharibu ubongo, hilo halina ubishi. Na angalia kwamba ukarimu wake, msimamo wa 1967, safari ya Baghdad, vyote havikuhitaji kumpiga mtu kichwani.

Kwa hiyo usisaini. Mazoezi usiyaache: kamba, begi, mbio, kufundisha vijana kujihami bila kulenga vichwa, hayo hayana tatizo, na wapo watu wengi wanaohitaji mwalimu wa mazoezi kuliko wanavyohitaji bondia. Pesa ulizopata huko nyuma kabla ya kujua hukumu, ulizozitumia zimekwenda, na haudaiwi kuzirudisha. Wanazuoni wanaishika hapa aya ya 275 ya Al-Baqara, aliyefikiwa na mawaidha akaacha, ni yake yaliyopita. Advansi ni habari nyingine. Hiyo ni mali ya promota kwa kazi ambayo hutaifanya, na wewe ni mdaiwa wake. Kama iko, mrudishie wiki hii. Kama umeshaitumia, mwende wewe na baba yako, mwambieni ukweli, ombeni muda, na makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi wawili. Akidai umeahidi, mjibu kwamba Waislamu hutimiza masharti yao isipokuwa sharti linalohalalisha haramu, lakini deni lake utalilipa mpaka senti ya mwisho.

Wallahu a'lam.